Dakika arobaini za bodaboda

Walikuja mshikaki. Dereva mbele, mhudumu wetu wa afya wa kitongoji nyuma, na katikati yao kijana aliyefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva, maana mikono yake haikuwa tena na nguvu ya kushika. Honi ilianza kulia tangu kwenye kona ya shule. Mimi nilikuwa kliniki ya watoto, mtoto wa watu ananing'inia kwenye mzani. Nikamrudisha kwa mama yake, nikatoka nje mbio.

Ilikuwa mwezi wa saba, saa nne na nusu asubuhi, katikati ya msimu wa kurina asali.

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Huku kwetu nyuki ndio shamba la watu wengi. Ukiacha barabara tu unaingia miombo, na humo mizinga ya magogo na ya magome imetundikwa juu ya miti kila upande, na wanaume wanakaa makambini wiki kadhaa wakirina. Tanzania ni ya pili Afrika kwa uzalishaji wa asali, baada ya Ethiopia, na asali nyingi ya nchi hii inatoka kwenye misitu ya namna hii. Kwa hiyo mtu kuumwa na nyuki si habari. Anakuja na jicho limevimba, unampa piritoni na panadoli, mnacheka kidogo, anarudi kazini.

Huyu hakuna aliyecheka. Midomo ilikuwa imevimba hadi haifungi, macho yamezibwa na uvimbe, kifua kizima kimejaa mabaka mekundu yaliyoinuka. Pumzi ilikuwa inapita kwa mlio kama filimbi iliyopasuka. Nilimshika mkononi sikupata mapigo. Shingoni yalikuwepo, membamba na ya mbio. Tukamlaza palepale kwenye sakafu ya veranda, miguu juu ya boksi la dawa. Nikavunja ampuli ya adrenalini, nikavuta nusu mililita, nikamchoma pajani upande wa nje. Tukafungua dripu mkono huu na mkono huu. Baada ya dakika tano nikachoma ya pili. Kwa muda mfupi nilidhani anarudi, akasogeza vidole. Kisha shingoni nako kukanyamaza. Mimi na mhudumu tulikandamiza kifua kwa zamu hadi saa tano na dakika kumi.

Alikuwa na umri wa miaka 26. Alama za miiba mwilini mwake zilikuwa saba. Nimewahi kuhudumia mtu mwenye alama zaidi ya thelathini, aliyekuja akitembea kwa miguu yake.

Mhudumu alikuwa ananawa kwenye ndoo ya bomba pale mlangoni. Ni mtu mzima, ananizidi miaka kumi na kitu, mimi namwita kaka na yeye ananiita sista kama wagonjwa wote. Bila kunigeukia akaniuliza:

"Sista, ile dawa uliyomchoma kwanza, ya chupa ile ndogo. Ni hiyo tu?"

Nikamwambia ndiyo, ni hiyo.

"Ningekuwa nayo kule kambini?"

"Kaka, wewe huruhusiwi kuchoma sindano."

"Sikuulizi ruhusa, sista. Nauliza kama angepona."

Sikumjibu siku hiyo. Jibu nilikuwa nalo.

Baadaye, wakati naandika kwenye daftari la MTUHA, lile la kumbukumbu za wagonjwa, nilimwomba anisimulie tangu mwanzo. Yeye mwenyewe ana mizinga, na siku hiyo alikuwa kambi ya jirani. Alisikia makelele, akafika kwa kijana ndani ya dakika tano hivi. Mafunzo ya huduma ya kwanza alishayapata kwa Msalaba Mwekundu, na aliyafuata: alimtoa kwenye nyuki, akamtoa miiba upesi, akamvua pete kidoleni kabla mkono haujavimba, akampa vidonge viwili vya piritoni alivyokuwa navyo mfukoni. Kijana alikuwa bado anaongea. Alisema koo linabana na tumbo linamkata. Mhudumu akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akampata dereva. Wakati pikipiki inafika, kijana alikuwa ametapika na kuanza kusinzia. Wakamsimamisha, wakampandisha, wakamfunga. Halafu dakika arobaini za njia ya mchanga, amekaa wima.

Nimerudia kuipanga saa ile kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mtu aliyefundishwa alifika dakika ya tano. Dawa ilikutana na mgonjwa dakika ya hamsini na zaidi. Kati ya dakika hizo mbili, ya tano na ya hamsini, hakuna aliyekosea.

Niseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe, maana wengi wanaujua kwa jina la aleji tu na wanadhani aleji ni kuwashwa. Mwili wa mtu unaweza kumzoea nyuki, karanga, samaki au dawa kwa miaka, halafu siku moja ukaipokea sumu ileile kama adui. Kemikali humwagika kutoka kwenye chembe za kinga mwili mzima kwa mpigo mmoja. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, presha inaanguka, njia za hewa zinabana, koo linavimba. Kitaalamu huitwa anafilaksia. Mwanasayansi wa Ufaransa Charles Richet na mwenzake Paul Portier ndio walioipa jina hilo mwaka 1902, na Richet akapata Nobeli mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Idadi ya miiba haihusiki. Mmoja unatosha.

Adrenalini inafanya kinyume cha kila kimoja cha hayo: inakaza mishipa, inapandisha presha, inafungua njia za hewa, inatuliza uvimbe, na inazizuia zile chembe zisiendelee kumwaga. Piritoni haifanyi hivyo. Piritoni inapunguza muwasho na mabaka, basi, haiinui presha wala kufungua koo. Haidrokotisoni, sindano nyingine ya aleji, inachukua saa kadhaa kufanya kazi. Na bado, hadi leo, nikiwauliza wenzangu kwenye semina dawa ya kwanza ni ipi, nasikia haidrokotisoni inatajwa kwa sauti kubwa kuliko adrenalini.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, mama mmoja alichomwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, wodini. Kabla sijamaliza kuweka pamba akasema, "Nesi, viganja vinawaka moto." Nikaona shingo inabadilika rangi. Nilikimbilia haidrokotisoni kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye trei. Adrenalini ilikuwa imefungiwa kabatini, kwa kuwa ilihesabiwa ni dawa ya moyo uliosimama, dawa ya kuogopwa, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa wodi aliyekwenda kwenye kikao. Tulimsubiri. Nakumbuka nimesimama mbele ya lile kabati la kioo, naiona boksi, nasoma jina lake kwa herufi nyeusi, na sina namna ya kuishika. Mama yule alipona, kwa neema tu. Ufunguo ulirudi kabla koo halijafunga. Siku hiyo nilidhani somo ni kwamba trei ya dharura isifungiwe. Ilinichukua miaka na kifo cha kijana wa watu kuelewa kwamba zahanati yangu yote, kwa mtu aliye kambini, ni lile kabati la kioo.

Baada ya mazishi nilianza kusoma usiku kwenye simu. Nilikuta kazi ya daktari wa Uingereza, Richard Pumphrey, iliyochapishwa mwaka 2000, aliyechunguza vifo vya namna hii nchini kwake. Kwa waliouawa na chakula, muda wa kati hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30. Kwa walioumwa na wadudu wenye sumu, dakika 15. Kwa waliochomwa dawa hospitalini, dakika 5. Nilifunga simu nikakaa gizani. Dakika kumi na tano, na sisi njia yetu ni arobaini. Mwaka 2003 daktari huyohuyo aliandika tena, safari hii kuhusu watu waliokufa muda mfupi tu baada ya kuinuliwa au kukalishwa. Damu inakuwa imebaki chini kwenye mishipa iliyolegea, ukimwinua mtu moyo unakosa cha kusukuma. Sisi tulikuwa tumemfunga wima.

Hilo ndilo nililoanza nalo, kwa kuwa halihitaji ruhusa ya mtu. Niliitisha wahudumu wa vitongoji na madereva wa bodaboda pale kijiweni, nikalala chini mwenyewe kwenye mkeka kuwaonyesha. Mtu aliyeumwa na nyuki akaanza kubanwa koo, kutapika, kuishiwa nguvu au kusinzia, analazwa, miguu inainuliwa. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae ameegemea huku miguu imenyooshwa, ila asisimame wala kutembezwa. Mwiba utolewe haraka, kwa kucha au kwa kisu ni mamoja, cha maana ni kuwahi. Dereva mmoja akauliza, "Sasa sista, kwenye pikipiki tunamlazaje?" Nikakosa jibu. Pikipiki haina pa kumlaza mtu.

Basi ikabaki dawa imfuate mgonjwa.

Wazo hili silo geni hata kwetu, na nilishangaa nilivyochelewa kuliona. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, baadaye tukaanza kuipeleka vitongojini. Tuliweka meza chini ya mwembe, na kila aliyechanjwa alikaa kwenye benchi dakika 15 tukimwangalia. Mwenye historia ya aleji kali tulimkalisha nusu saa. Na kwenye kila msafara, pembeni ya kasha la baridi, palikuwa na kifurushi kidogo: ampuli za adrenalini, mabomba ya sindano, pamba, karatasi ya vipimo. Hakuna aliyetuuliza kwa nini tunabeba dawa ile porini. Ilionekana ni wajibu. Katika miezi yote ile sikuvunja hata ampuli moja. Jioni tulikunja meza, tukapakia kasha, na kifurushi kikarudi nasi zahanati. Watu wakabaki na nyuki wao.

Nje ya hapa nilikuta wengine walishapita njia hii, na mara nyingi walipita wakiwa na msiba mgongoni. Jimbo la New York, Marekani, kijana wa miaka 14, Giovanni Cipriano, alikufa mwaka 2013 baada ya kula kitu chenye karanga. Mama yake alipigania jambo hili miaka, na mwaka 2019 ikapitishwa sheria inayoitwa kwa jina lake, ya kuwaruhusu polisi, wazima moto na waokoaji wengine waliofundishwa kubeba adrenalini na kuichoma. Uingereza kanuni zao za dawa za mwaka 2012 zinaiweka adrenalini kwenye orodha fupi ya sindano ambazo mtu yeyote anaweza kumchoma mwenzake kwa nia ya kuokoa maisha katika dharura. Mtu yeyote. Na tangu Oktoba 2017 shule zao zinaruhusiwa kununua akiba ya sindano hizo bila cheti cha daktari.

Wenzetu hao wanatumia zaidi zile sindano za kalamu, unabonyeza pajani inajichoma yenyewe kwa kipimo. Ni nzuri mno, ila bei! Mwaka 2016 pakiti ya mbili ilipita dola 600 huko Marekani, na wao wenyewe walilalamika. Ndiyo maana kilichonigusa zaidi ni kaunti ya King, upande wa Seattle. Waokoaji wao wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wanapewa kalamu hizo. Gharama ilipowaelemea, walirudi kwenye kichupa na bomba la kawaida, wakafundishwa kuvuta kipimo wenyewe. Utaratibu ni wa watu wawili: mmoja anasoma jina la dawa, nguvu yake na tarehe, mwenzake anathibitisha kwa macho yake, ndipo inachomwa. Hakuna mtambo hapo. Kinachotakiwa ni macho manne, kichupa kimoja na sindano.

Hicho tunacho. Ampuli ninayotumia ina miligramu 1 kwenye mililita 1. Mtu mzima anachomwa nusu mililita, mtoto wa miaka 6 hadi 12 mililita 0.3, aliye chini ya hapo 0.15, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Asipopata nafuu unarudia baada ya dakika tano. Kwa bei, ampuli hiyo haifikii nauli ya bodaboda ya kutoka kambini.

Nilipeleka hoja kwenye kikao cha wilaya. Nilijibiwa kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii hawachomi sindano, na sikujibiwa kwa dharau. Sababu zilizotolewa ni za kweli, nitazisema kama nilivyozisikia kwa sababu mtu asiyezipokea hatasikilizwa. Kwanza, tumepigana miaka mingi na wachoma sindano wa vichochoroni, walioacha watu na majipu na mbaya zaidi ya majipu. Ukifungua mlango kwa sindano moja, nani atausimamia? Pili, adrenalini ileile inayookoa kwenye msuli, ukiisukuma yote kwenye mshipa wa mtu ambaye moyo wake unapiga, unaweza kuuvuruga moyo vibaya. Tatu, joto. Dawa hii haitaki jua wala mwanga. Ikiharibika hubadilika, badala ya kuwa angavu kama maji inakuwa ya pinki au kahawia, na kambi za Sikonge mwezi wa kumi zinachemka.

Nilikaa na sababu hizo kwa heshima. Hata hivyo, naona kila moja inajibika kwa mafunzo, na hakuna inayojibika kwa kusubiri. Uganda wahudumu wa vijiji wamekuwa wakiwachoma akina mama sindano za uzazi wa mpango kwa miaka, majumbani mwao, na mlango haukuvunjika. Mshipa na msuli mtu anafundishika kuvitofautisha, paja ni pana na mshipa wa kuogopa hauko upande wa nje. Joto? Ampuli inakaa kwenye boksi lake, ndani ya kopo, ndani ya chungu chenye kitambaa kibichi kivulini, na kila mwezi inakaguliwa rangi na tarehe. Tunahifadhi mbegu kwa uangalifu kuliko huo.

Isitoshe, watu wenyewe wanakuja. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa nchini. Wawili! Nilipoisoma idadi hiyo niliwaza macho manne ya Seattle. Mtu anayefundishwa kwa miezi, siku moja ya mafunzo hayo ikitengwa kwa dawa moja, kipimo kimoja, paja moja, si jambo kubwa. Na wazima moto, ambao watu wa mjini hupiga 114 kuwaita nyuki wanapovamia mtaa, nao wanaingia humohumo. Anayetumwa kwenye nyuki aende na dawa ya nyuki.

Mama wa yule kijana nilimkuta siku ya arobaini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia, akanivuta tukakaa pembeni ya jiko la nje, mbali na wanawake wengine. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nesi, mwanangu kweli aliuawa na nyuki saba? Watu wanasema kuna mkono wa mtu." Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, mishipa, koo, dakika. Alisikiliza huku anasugua masizi kwenye kidole chake cha gumba. Mwisho akasema, "Kwa hiyo dawa ipo." Nikasema ipo. Akasema, "Basi ingekuwa bora ungeniambia haipo." Sikuwa na la kuongeza. Nilimsaidia kuepua sufuria.

Wakati tunasubiri, tulitafuta njia ya kupita ndani ya ruhusa iliyopo. Mhudumu akiona dalili, anampigia dereva na ananipigia mimi kwa wakati mmoja. Mgonjwa haanzi kusafiri. Ninakwenda mimi, na kifurushi kama kile cha chanjo, kwa pikipiki ya kwanza nitakayoipata, na mganga mfawidhi alikubali nitoke hata nikiacha foleni. Kwenye vichuguu viwili vyenye mtandao watu wamechomeka fito zenye kitambaa chekundu ili asiyejua ajue pa kupanda. Njia ni ileile, ila pikipiki isiyobeba mgonjwa inaikata upesi zaidi.

Mwaka huu mwezi wa sita simu ililia saa tatu asubuhi. Ni yeye. Mama mmoja aliyekuwa anachota maji karibu na kambi, nyuki wamemuuma shingoni na mkononi, sauti imekwisha. "Nimemlaza, sista. Miguu juu ya ndoo." Nilifika kwa dakika ishirini na mbili, mchanga umejaa mdomoni. Mama alikuwa chini ya mninga, kwenye kanga mbili, uso umevimba, ngozi baridi na ya unyevu, mhudumu amepiga magoti kichwani kwake akimwambia, "Usiinuke dada, tulia, sista kafika."

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa safari. Nikampa ampuli. Akaiinua juu dhidi ya mwanga wa majani, akasoma kwa sauti, polepole, kama nilivyomfundisha: "Adrenalini. Miligramu moja kwa mililita moja. Angavu. Tarehe bado." Akaigonga shingo kwa ukucha dawa ishuke, akaivunja kwa pamba, akanishikia wakati navuta. Akatazama mstari kwenye bomba. "Sufuri nukta tano," akasema. Nikasema, "Sufuri nukta tano." Akasogeza kitenge, akapapasa paja upande wa nje, katikati ya nyonga na goti, akaweka kidole. "Hapa." Nikachoma alipoweka kidole.

Kisha tukakaa. Hizo dakika za kungoja ni ndefu. Nilikuwa nimeshika mkono wake, mapigo yalikuwa ya kubahatisha. Yakaja moja, yakaja mengine, yakaanza kujipanga. Ule mlio wa kifuani ukapungua. Kabla ya dakika ya sita mama alimeza mate, akatikisa kichwa, na neno la kwanza alilosema lilikuwa la maji: "Ndoo yangu iko wapi?" Mhudumu akaitazama miguu ya mama iliyokuwa juu ya ndoo hiyohiyo, machozi yakamtoka mtu mzima yule.

Tulimpeleka kituo cha afya amelala kwenye bodi ya pikipiki ya magurudumu matatu iliyoletwa kutoka mnadani, akakaa chini ya uangalizi hadi kesho yake, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata bila kuumwa tena. Hazikurudi.

Tukiwa njiani kurudi nilimhesabia mhudumu alichokifanya asubuhi ile. Aliitambua hali. Alimlaza. Aliita. Alisoma dawa, akakagua rangi, akakagua tarehe, akavunja ampuli, akathibitisha kipimo, akaonyesha mahali. Mimi nilisukuma bomba. Kazi ya sekunde tatu. Ndiyo hiyo niliyoikimbilia dakika ishirini na mbili, na siku ya kijana yule ndiyo iliyokosekana.

Barua ya pili kwenda wilayani nimeiandika safari hii na yeye pembeni. Tunaomba majaribio kwenye vitongoji vitatu vyenye makambi, msimu mmoja. Ampuli mbili kwa kila kitongoji, mabomba mawili ya mililita moja, karatasi ya vipimo yenye picha ya paja, daftari la kuandika kila ampuli inayotumika au kubadilika rangi, na masharti mawili: lazima wawe wawili, na lazima mgonjwa aletwe kituoni hata akijisikia mzima. Nimeweka pia saa zote za siku ile ya mwezi wa saba, dakika kwa dakika, bila jina la marehemu.

Jumamosi jioni, baada ya wagonjwa kwisha, wahudumu wanne wanakuja zahanati. Ninawapa mabomba yaliyokwisha muda, maji safi, na machungwa, kwa sababu ganda la chungwa linaupa mkono hisia ya ngozi. Mmoja anasoma, mwingine anathibitisha. Jumamosi iliyopita kila mmoja alichoma matatu, na nilikagua kila bomba kabla sindano haijaingia. Kumi na mbili yote yalisoma sufuri nukta tano.